Kuhamisha piano: Jinsi vifaa vyepesi vinavyookoa migongo na kuzuia ajali

MWANZONI mwa mwaka 2020, mpigaji piano mashuhuri kutoka Canada, Angela Hewitt, alikuwa amemaliza kurekodi muziki wa Beethoven katika studio moja jijini Berlin, Ujerumani. Wahamishaji wakafika kuichukua piano yake, chombo cha kampuni ya Fazioli ya Italia alichokuwa amekitumia kwa miaka mingi. Walipokuwa wakiiinua ili kuiweka juu ya kigari cha magurudumu, iliwaponyoka na kuanguka. Fremu yake ya chuma ilivunjika. Mtengenezaji wake, Paolo Fazioli, aliikagua na kuamua kwamba haikufaa tena kutengenezwa.

Piano hiyo haikuharibikia barabarani wala kwenye ngazi. Iliharibikia katika hatua fupi mno: kuitoa sakafuni na kuiweka juu ya kigari. Ni hatua ambayo watu wengi hawaihofii, kwa kuwa huchukua sekunde chache tu.

Nchini Kenya, piano, au kinanda kama waumini wengi wanavyoiita, hupatikana makanisani, katika kumbi za shule, hotelini na katika nyumba za watu binafsi. Inapohitaji kuhamishwa, aghalabu huitwa vijana watano au sita wenye misuli, wakaahidiwa malipo ya siku, wakaambiwa: "Haya, inueni." Kazi huanza kwa kelele na kuishia kwa ukuta uliochubuka, mguu wa piano uliovunjika au, vibaya zaidi, mgongo wa kijana ambao hautapona.

Hata hivyo, kuna vifaa ambavyo mtu mmoja au wawili wanaweza kuvibeba garini, na ambavyo hufanya sehemu kubwa ya kazi inayowashinda watu sita. Ili kuelewa namna vinavyofanya kazi, ni vyema kwanza kujua uzito wa piano unatoka wapi na umekaa wapi.

Uzito unakotoka

Piano ilibuniwa na Mwitaliano Bartolomeo Cristofori mjini Florence karibu na mwaka 1700. Vyombo vyake vilikuwa vya mbao na vyepesi. Mambo yalibadilika katika karne ya 19, wakati wanamuziki walipotaka sauti kubwa zaidi ya kujaza kumbi. Sauti kubwa ilihitaji nyaya nene zilizokazwa zaidi, na mbao peke yake hazingestahimili. Mwaka 1825, Alpheus Babcock wa Boston, Marekani, alipata hataza ya fremu ya chuma cha kusubu iliyotengenezwa kwa kipande kimoja.

Piano ya kisasa ina vibonyezo 88 na nyaya zipatazo 230. Mvuto wa nyaya hizo ukijumlishwa hufikia tani 18 hadi 20. Fremu ya chuma ndiyo inayozuia mvuto huo usiikunje piano, na ndiyo pia inayoifanya kuwa nzito.

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni piano wima, ambayo nyaya zake zimesimama na ambayo kwa kawaida huegemezwa ukutani. Nyingi huwa na uzito wa kilo 200 hadi 300. Ya pili ni piano mlalo, ile yenye miguu mitatu na kifuniko kikubwa kinachoinuliwa. Ndogo zaidi katika aina hii huwa na kilo 250 hivi, ilhali piano ya jukwaani ya kampuni ya Steinway, yenye urefu wa sentimita 274, ina kilo 480.

Hatari imo katika kuinama

Wengi hudhani kwamba tatizo la piano ni uzito wake tu. La hasha. Ng'ombe mkubwa au pipa la maji lina uzito kama huo au zaidi. Tatizo la piano wima ni mahali uzito huo ulipo. Fremu ya chuma, nyaya na nguzo nene za mbao zote ziko upande wa nyuma, na sehemu kubwa iko juu. Upande wa mbele umebeba vibonyezo na mbao nyembamba tu. Kwa hiyo piano wima daima ina hamu ya kuangukia nyuma.

Tuchukue mfano wa hesabu. Piano ina kilo 250 na kimo cha sentimita 120. Tuseme kitovu chake cha uzito kiko sentimita 65 kutoka sakafuni na sentimita 20 tu kutoka ukingo wa nyuma. Piano kama hiyo ikiinamishwa nyuma kwa digrii 17, hufika mahali pa usawa. Huo ni mwinamo mdogo: kichwa cha piano kimesogea kwa sentimita 35 hivi. Ikipita hapo, hairudi yenyewe.

Sasa fikiria wanaume wawili wanaotaka kuilaza chali ili fundi aone sehemu ya chini. Katika hatua ya usawa hawahisi mzigo wowote. Huenda hata wakafanya mzaha kwamba piano ni nyepesi. Lakini inapofika digrii 45, mikononi mwao kuna mzigo wa kama kilo 66. Inapokaribia kugusa sakafu, mzigo huo umefika kilo 135 hivi.

Hapo ndipo penye mtego. Mzigo unakuwa mkubwa kabisa wakati mikono iko chini kabisa na mgongo umepinda kabisa. Kila mmoja wao ameshika zaidi ya kilo 67 akiwa ameinama. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, NIOSH, katika kanuni yake ya kuinua mizigo, huanzia kiwango cha kilo 23 kwa mtu mmoja katika hali bora kabisa, kisha hukipunguza kadiri mtu anavyoinama, anavyojipinda au anavyonyoosha mikono.

Wakati wa kuisimamisha tena mambo huwa kinyume: uzito mkubwa huja mwanzoni, na ghafla, ikishapita mahali pa usawa, piano huwatangulia na kujirusha mbele kwa miguu yake.

Kifaa cha kulazia

Mafundi wa piano wana kifaa maalumu cha kuilazia piano wima. Umbo lake hufanana na herufi L mbili zilizounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Mkono mfupi huingia chini ya piano kutoka nyuma, na mkono mrefu husimama sambamba na mgongo wake. Pembeni, mahali mikono hiyo inapokutana, kuna reli iliyopinda kama ile ya kiti cha bembea. Vingine vina magurudumu pia. Aina nyingi zinaweza kufunguliwa vipande, zikapakiwa garini na kubebwa na fundi mmoja.

Siri yake iko katika mpindo. Piano inayolazwa bila kifaa huzungukia ukingo mmoja usiosogea, na kitovu cha uzito huzidi kuwa mbali na ukingo huo. Kikiwepo kifaa, mahali kinapogusa sakafu husogea nyuma pamoja na piano. Egemeo linaufuata uzito, nao uzito haupati nafasi ya kulikimbia. Ndiyo maana fundi na msaidizi wake wanaweza kuilaza polepole piano ya kilo 250 bila kutoa jasho jingi.

Kwa nini fundi alazimike kuilaza? Kwa sababu magurudumu yaliyovunjika, pedeli zilizolegea, mbao za chini zilizoliwa na mchwa na viota vya panya haviwezi kushughulikiwa vyema piano ikiwa imesimama. Kuchungulia kwa tochi chini ya kilo 250 zilizoinuliwa kwa tofali ni kucheza na mauti.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza, ondoa kila kitu kilicho juu ya piano, funga kifuniko cha vibonyezo, na utoe ubao wa chini wa mbele ikiwa umelegea. Pili, iondoe piano ukutani kwa kuisukuma kwa urefu wake, si kwa kuivuta kutoka juu. Tatu, inua upande mmoja kidogo, ingiza mkono wa kifaa, kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili. Nne, funga mkanda imara kuizunguka piano na kifaa kwa pamoja. Tano, watu wawili wasimame kwenye ncha mbili, kulia na kushoto, wala si nyuma ambako piano inaelekea. Mmoja pekee ndiye atakayetoa amri, na wote waende kwa kasi moja.

Mtu yeyote asiye na kazi hapo, hasa watoto, aondoke chumbani.

Kigari na fremu pana

Kifaa cha pili ni kigari bapa cha magurudumu manne. Huwa ni ubao mnene au fremu ya chuma, uliofunikwa kwa zulia au mpira ili piano isiteleze. Magurudumu yake ni mapana, ya mpira, na huzunguka pande zote. Kilicho bora zaidi kina breki.

Magurudumu madogo ambayo piano wima huja nayo hayakukusudiwa safari. Mengi ni ya kuisogeza hatua mbili tatu wakati wa kufagia. Yakikutana na kizingiti cha mlango, ufa wa saruji au ukingo wa zulia, husimama ghafla huku kichwa cha piano kikiendelea na safari. Ajali nyingi huanzia hapo.

Kwa shule na makanisa yanayosogeza piano mara kwa mara, dawa ni fremu pana inayofungwa chini ya piano na kukaa hapo daima. Fremu hiyo hurefuka nyuma na mbele, na magurudumu yake huwa kwenye ncha. Turudi kwenye mfano wetu. Fremu ikiongeza sentimita 25 upande wa nyuma na kuinua piano kwa sentimita 10, mwinamo unaohitajika ili ianguke hupanda kutoka digrii 17 hadi 31. Chuma chache tu kimekaribia kuongeza usalama wake maradufu.

Hata hivyo, fremu hiyo si ruhusa ya kuwaachia wanafunzi kazi. Mtoto hana nguvu ya kuizuia piano inayoanguka, na kwa kawaida hujaribu kufanya hivyo badala ya kukimbia. Kazi ya kusogeza piano ni ya watu wazima, hata kama ni kutoka pembe moja ya ukumbi hadi nyingine.

Piano mlalo na ubao wa kuburutia

Piano mlalo haihamishwi ikiwa imesimama kwa miguu yake. Miguu hiyo ilitengenezwa kubeba uzito unaoshuka wima, si kuvumilia msukumo wa kutoka ubavuni. Piano ya kilo 480 huweka takriban kilo 160 juu ya kila mguu. Gurudumu likikwama, mguu hukatika kama muwa.

Kifaa chake ni ubao mrefu na mnene wa kuburutia, wenye nyusi za kuzuia piano isiteleze na nafasi za kupitishia mikanda. Kazi hufanywa hivi: kifuniko hufungwa au kutolewa, kishikio cha noti huondolewa, na fremu ya pedeli hufunguliwa. Baadaye mguu wa mbele wa kushoto, ule ulio upande wa nyaya nzito, hutolewa huku pembe hiyo ikishikiliwa kwa jeki au na watu. Pembe hushushwa taratibu hadi piano iegemee ubavu wake mrefu ulionyooka, juu ya ubao uliotandikwa mablanketi. Ikishasimama kwa ubavu, miguu miwili iliyobaki hufunguliwa.

Piano huviringishwa mablanketi mazito na kufungwa kwa mikanda kwenye ubao. Hapo ndipo ncha moja ya ubao huinuliwa, kigari kikasukumwa chini, kisha ncha nyingine ikashushwa hadi mzigo usawazike katikati. Ubao hutumika kama wenzo: watu wanainua nusu ya uzito kwa wakati mmoja, tena kwa kimo kidogo tu.

Ubora wa njia hii ni kwamba hakuna wakati wowote ambapo piano nzima iko hewani. Kanuni hii inafaa kukumbukwa na kila mhamishaji: piano isiinuliwe kamwe inapoweza kuegemezwa, kuburutwa au kuviringishwa. Kazi hii isianzwe bila watu wa kutosha wenye uzoefu.

Milango, ngazi na lori

Kabla ya mkanda wa kwanza kufungwa, njia nzima ipimwe kwa futi: upana wa milango, kona za ushoroba, kimo cha lori. Mazulia yakunjwe. Juu ya vigae, mbao au udongo laini zitandikwe karatasi za plaiwudi, kwani magurudumu manne ya kigari hukusanya uzito wote mahali padogo na yanaweza kupasua vigae.

Ngazi ni jambo jingine. Mwaka 1932, wachekeshaji Stan Laurel na Oliver Hardy waliigiza filamu fupi, The Music Box, kuhusu wanaume wawili wanaopandisha piano kwenye ngazi ndefu ya nje jijini Los Angeles. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar. Watazamaji walicheka kila piano ilipoporomoka hadi chini. Katika maisha ya kawaida, aliye chini ya piano hana la kuchekea.

Kigari hakitumiki kwenye ngazi. Magurudumu hayana breki ya kuzuia mzigo unaoshuka. Hutumika ubao wa kuburutia unaoteleza juu ya kingo za vidato, huku watu wa juu wakiushikilia kwa mikanda. Anayeongoza kutoka chini asisimame moja kwa moja katika njia ya mzigo. Penye ngazi ya mzunguko au orofa za juu, ni heri kukodisha winchi kuliko kujaribu bahati.

Lori linalofaa ni lile lenye jukwaa la kuinulia nyuma. Lisipopatikana, mteremko wa mbao imara au chuma unaweza kutumiwa, mradi uwe mrefu. Ikiwa sakafu ya lori iko mita moja juu ya ardhi na mteremko una urefu wa mita nne, kusukuma piano ya kilo 250 ni sawa na kuinua kilo 62 hivi, mbali na msuguano. Mteremko wa mita mbili huongeza mzigo huo maradufu. Ndani ya lori, piano wima isimame ikitazama nje, mgongo wake ukiwa umeshikana na ukuta wa lori, na ifungwe kwa mikanda miwili.

Wajibu wa anayeajiri

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 hapa Kenya inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi abebe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumjeruhi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, pia ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Piano ya kilo 250 iliyo mikononi mwa vijana wanne ni zaidi ya kilo 60 kwa kila mmoja, hata kabla ya mmoja wao kuteleza na kuwaachia wenzake sehemu yake.

Kamati ya kanisa au bodi ya shule inapokataa gharama ya vifaa, gharama hiyo haipotei. Huhamia katika uti wa mgongo wa kibarua, ambaye baada ya siku hiyo hulipwa ujira wake na kwenda nyumbani, na asipoonekana tena hakuna anayeuliza. Kwa hivyo, anayeagiza kazi hii ana haki na wajibu wa kumuuliza mhamishaji maswali matatu kabla ya kukubaliana: Una vifaa gani? Watu wako wamewahi kuvitumia? Nani atalipa mtu akiumia?

Wafanyakazi nao wavae viatu vigumu vilivyofunika vidole na glavu zisizoteleza, na wavue pete na saa. Fauka ya hayo, wafundishwe jambo moja ambalo ni gumu kwa mtu jasiri kulikubali: piano inayoanguka haizuiwi. Huachwa ianguke. Chombo, hata kiwe ghali namna gani, kinaweza kununuliwa kingine.

Baada ya kufika

Piano ikishawekwa mahali pake, isikaribishwe dirisha lenye jua wala ukuta wenye unyevu. Ihakikishwe kwamba imesimama imara pande zote, na magurudumu yake yawekewe vikombe vya kuyazuia. Mafundi hushauri iachwe wiki mbili au tatu kabla ya kusawazishwa sauti, kwa kuwa mbao huvimba au kusinyaa kwa kufuata hali ya hewa. Piano iliyotoka Mombasa kwenye unyevu wa bahari hadi Nairobi, iliyo mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, huhitaji muda wa kuzoea.

Vifaa vilivyotajwa hapa si mitambo ya ajabu. Ni mbao, chuma, mpira na mikanda, na fundi seremala akishirikiana na mchomeleaji hodari wanaweza kutengeneza kigari na ubao wa kuburutia, maadamu vipimwe kwa uzito mkubwa kuliko ule wa piano yenyewe kabla ya kutumika. Kinachohitajika zaidi ni subira ya kutumia dakika 20 kupima njia na kufunga mikanda, badala ya kuanza kwa kuhesabu "moja, mbili, tatu." Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari, na kwa mzigo huu athari huja kwa sekunde moja.